Shibiri Moja Kila Magharibi

ILANI YA UKIUKAJI WA KANUNI NAMBA 22, KIFUNGU KIDOGO (D): KUACHA MLANGO WA NYUMA WA TRELA UKIWA UMESHUSHWA BAADA YA JUA KUZAMA.

Hicho ndicho kichwa cha karatasi iliyobandikwa kwenye trela ya Verna Orvold, kiwanja namba 118, Kambi ya Wastaafu ya Palo Brea, nje kidogo ya mji wa Yuma, Alhamisi ya mwisho ya Februari. Chini ya kichwa palikuwa na visanduku vitatu: onyo la kwanza, onyo la pili, mengineyo. Msimamizi wa kambi, Bwana Stan Pettibone, alitia alama kwenye kisanduku cha kwanza, akaweka saini, akaibandika karatasi kwa utepe wa rangi iliyoruhusiwa, kisha akaenda kunywa kahawa kwa dhamiri safi. Jumatano jioni alikuwa ameuona mlango uko wazi. Hakuona zaidi ya hapo, na fomu haikuuliza zaidi ya hapo.

Trela yenyewe ilikuwa ya aina inayopendwa na watu wa matuta ya mchanga: mbele nyumba, yenye jiko, choo na kitanda, nyuma gereji ya kuingizia pikipiki, na ukuta mzima wa mwisho ni mlango unaoshuka kwa swichi mpaka ukalala chini kama daraja. Marehemu mume wa Verna, Duane, aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, kwa nia ya kustaafu na kukimbiza pikipiki jangwani kama kijana. Alistaafu kweli. Moyo wake ukastaafu mwezi uliofuata. Verna, mwenye miaka sitini na sita, ambaye chombo cha kasi kuliko vyote alivyowahi kuendesha kilikuwa cherehani, akabaki Yuma na trela, na gereji akaijaza mapambo ya Krismasi na chupa za jamu.

Mwezi wa Januari binti yake Janelle alitokea na sanduku moja na mimba ya miezi saba. Walikuwa hawajasemeshana miaka sita, kwa sababu Verna alikataa kwenda harusini akidai bwana harusi hafai. Na kilichokuwa kigumu kusamehewa ni kwamba alisema kweli.

"Sina pa kwenda, Mama," Janelle alisema, bado yuko mlangoni.

"Nani kakuuliza? Ingia, mboga zinapoa."

Kitanda cha mbele kilikuwa cha mtu mmoja na nusu, na Janelle wakati ule alikuwa mtu mmoja na nusu peke yake. Presha yake ilikuwa juu. Daktari alimwamuru alale siku nzima na asisafiri popote mpaka ajifungue. Basi chupa za jamu zikatoka, gereji ikapigwa deki, zulia likatandikwa, kikaingizwa kitanda cha chuma.

Ikabaki serikali ya kambi. Palo Brea ni kambi ya watu wa miaka hamsini na mitano kwenda juu. Mgeni kijana anavumiliwa siku kumi na nne, na binadamu wa umri wowote haruhusiwi kulala gerejini. Bwana Pettibone hakuwa mtu mbaya. Alipekua kitabu cha kanuni nusu saa nzima akitafuta tundu la kumpitisha.

"Kanuni ya 31 inaruhusu kasuku kulala gerejini," alisema. "Na samaki."

"Binti yangu si kasuku, Stan."

"Najua, bibie. Natafuta tu pa kumwandika."

Mwishowe gereji ikasajiliwa kuwa Chumba cha Kazi za Mikono, na Janelle akaandikwa msaidizi wa kushona, muda usiojulikana. Hivyo ndivyo mama na mwana walivyorudiana, kwa nakala mbili.

Kwa kuwa sakafu ya gereji huteremka kidogo kuelekea mlangoni, jirani yao wa kiwanja 117, Harlan Gustafson, mzee wa miaka sabini na nne aliyeota sugu za usukani viganjani, alikuja kukifunga kitanda. Sakafuni mlikuwa na pete za chuma za kufungia pikipiki. Akapitisha mikanda minne, akakaza mpaka chuma kikalia.

"Hapo hata tetemeko lije," alisema, "mjukuu atazaliwa pale pale."

Asubuhi ya tatu Verna aliingia na kahawa akakuta mikanda imefunguliwa. Haikutupwa ovyo, ilikuwa imeviringishwa, kila mmoja kama konokono, yote minne imepangwa mstari juu ya mto, kando ya kichwa cha binti yake.

"Mbona umeifungua?"

"Sijaigusa, Mama." Janelle alijiinua kwa kiwiko. "Hata kuinama siwezi. Miguu yangu mwenyewe naisikia kwa habari tu."

Verna akaifunga tena, akajisemea kwamba mzee Harlan kazeeka. Ila aliona kitanda kimeondoka ukutani kwa upana wa shibiri moja. Na aliona jambo jingine, ambalo hakulitaja: chumba ambacho hakikuingizwa tone la petroli tangu Duane afe kilikuwa kinanuka petroli, tena petroli ya moto, kama ya injini iliyozimwa sasa hivi.

Siku iliyofuata mikanda ilikuwa juu ya mto, na ukutani palikuwa na shibiri mbili.

Verna alikuwa mwanamke wa utaratibu. Alichukua utepe wa karatasi akabandika kipande sakafuni penye mguu wa kitanda. Kesho yake akabandika cha pili. Alipima kutoka kitandani hadi mlangoni: shibiri kumi na mbili. Hakuhitaji cherehani kuujua mshono ule unaishia wapi.

Ndipo alipoamua kukaa macho. Usiku kucha hakikutokea kitu; alikunja shingo bure. Ilikuwa jioni ya pili yake, jua likiwa bado linachungulia juu ya mashamba ya saladi, watu wa kambi wakikusanya viti vyao na wengine wakielekea kwenye bingo, ndipo Janelle aliponyamaza katikati ya neno. Alikuwa akisimulia juu ya jina la mtoto. Akasema, "Nilifikiri kama ni msichana," macho yakafumba, kichwa kikaanguka, akawa amelala kama aliyezimwa.

Verna alimtikisa. Hakuamka. Halafu nje, upande wa mlango wa nyuma, kikaanza kitu ambacho mwanzo alidhani ni upepo, kisha akadhani ni mtu anafagia, kisha akajua kwamba ni nyayo, nyayo za mtu anayetembea kwenye mchanga mwingi ingawa uwanja wote ule ni wa zege, mtu aliyechoka anayeburuta viatu vizito, akaja akaja mpaka akasimama karibu kabisa, na bati la mlango likapata joto hata rangi yake ikatoa harufu, na kwenye joto lile kikapita kitu kinachonong'ona kwa koo lililokauka, taratibu, kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kukosea tena: "Mmoja..." kikanyamaza, "wawili..." kikanyamaza kirefu kuliko mwanzo, na Verna akiwa amejibana kifua asipumue, kikasema "watatu," na mikanda minne ikalegea yenyewe mmoja baada ya mwingine, ikaanza kujiviringisha kwa adabu sakafuni, na kitanda chenye binti yake kikasogea.

Jua lilipozama kabisa, kikaacha. Janelle akafumbua macho.

"...ningemwita jina la bibi," akamaliza. Kisha akautazama uso wa mama yake. "Nini?"

Asubuhi Verna alimwita Harlan. Hakumweleza kitu, alimfungulia tu mlango wa gereji. Mzee aliona vipande vya utepe, sita. Akaona mikanda juu ya mto. Akashika kizingiti.

"Nani anaviringisha hivi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ndilo ninalokuuliza, Harlan."

Walikaa nje kwenye viti vya turubai, na kahawa ikapoa mikononi. Harlan akasema kwamba watu wa matuta wana desturi moja. Jioni, kabla mlango haujapandishwa, mtu mmoja husimama kwenye kizingiti akahesabu vichwa. Hahesabu majina, kwa sababu kila mtu ana helmeti, miwani, na vumbi la kutwa, na hata mama mzazi hatambui mwanawe. Vikitoka vichwa vitano, vinarudi vitano, mlango unapanda, mnakwenda kula.

"Miaka tisa iliyopita tulitoka watano. Mmoja alikuwa kijana aitwaye Cody Lemke. Msafi yule, usiombe. Mikanda alikuwa akiiviringisha kama soksi za mtoto. Jioni ile mnyororo wa pikipiki yake ulikatika nyuma ya tuta, sisi hatukujua. Na mtu baki tu, tusiyemfahamu, pikipiki yake imekufa, akaomba lifti kwa dereva, akaipakia trelani, akakaa pembeni. Upande wa kushoto. Mahali pa Cody. Vichwa vikawa vitano. Tulipofika mjini, watu wakavua helmeti."

"Na Cody?"

"Alifuata alama za magurudumu kwa miguu. Walimpata siku ya pili. Midomo yake, Verna... Trela ikauzwa mbali, kaskazini huko. Hizi zote zinafanana, bwana. Na mimi sikutaka kuangalia namba."

Kitanda cha Janelle kilikuwa upande wa kushoto.

"Nani alihesabu?" Verna aliuliza.

Harlan alitazama ndani ya kikombe.

"Harlan. Nani alihesabu?"

"Mimi," alisema.

Kesho yake kiwanja namba 117 kilikuwa kitupu. Harlan alikuwa amejaza fomu ya kuondoka, nakala tatu, kwa mwandiko mzuri sana.

Verna alifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: alimhamishia Janelle kitanda cha mbele. Jua lilipokuwa likizama alijikuta ameushika mkono wa binti yake jikoni, na walipofumbua macho wote wawili walikuwa gerejini, Janelle juu ya kitanda cha chuma, shibiri ya saba. Siku iliyofuata akavunja amri ya daktari kwa dakika kumi, akamchukua kwa teksi hadi hoteli ndogo ya barabarani, ghorofa ya pili. Saa kumi na mbili kasoro dakika tano, kitanda cha hoteli, ambacho kilikuwa kimepigiliwa ukutani ili wageni wasikiibe, kiling'oka na kusogea shibiri moja kuelekea mlangoni. Zuliani ulibaki mchanga mweupe laini, kama uliochekechwa. Hoteli iliwaandikia barua ya uharibifu.

"Mama," Janelle alisema wakiwa wanarudi, mikono yote miwili tumboni. "Mtoto hajacheza tangu jana."

Verna akamshika goti. "Amelala. Nawe ulikuwa hivyo hivyo, mvivu."

Aliyemtaja mganga, Bi Chelo Armenta, ni dobi wa kambi. Bi Chelo aliishi Somerton, mwendo wa dakika ishirini, akichemsha dawa, akikanda migongo ya wavunaji wa saladi, na akiondoa vitu ambavyo hospitali haina fomu zake. Alikuja na mfuko wa plastiki wenye majani ya kufukizia na mayai mawili. Alikuwa mfupi, mwenye viatu vya mazoezi, na hakupoteza muda kutisha watu. Alimpitishia Janelle yai mwilini kuanzia utosini, akisali chinichini, akalipasua kwenye glasi ya maji.

Yai halikuwa na ute wala kiini. Mlimwagika mchanga, ukatua chini ya glasi.

Bi Chelo aliweka glasi mezani polepole. Akamwomba Janelle apumzike, akamvuta Verna nje kwa mkono.

"Dada, mimi hufukuza vitu vinavyoingia pasipo pao," alinong'ona. "Huyu siwezi. Huyu anadai pake."

"Basi apewe! Tukitoe kitanda, aingie, akae na gereji yake mpaka kiama!"

"Shusha sauti. Umejaribu kumhamisha binti yako, si ndiyo? Akarudishwa. Alikwisha kuhesabiwa. Mahali pale pana mtu, na mtu huyo lazima atoke ndipo mwenyewe aingie. Kitanda kikifika mlangoni, mlango utashuka hata kama umeupigilia misumari."

"Atapelekwa wapi?"

 Bi Chelo alitazama magharibi, ambako matuta yalionekana kama mstari wa chaki.

"Ana mimba," Verna alisema.

"Anajua. Amewahesabu watatu." Bi Chelo alijipangusa mikono kwenye sketi ingawa haikuwa na kitu. "Nitasali. Nitafukiza. Labda nitakipunguzia mwendo."

Alisali siku tatu, akafukiza hadi Bwana Pettibone akaja kuuliza kuhusu kanuni ya mioto. Kitanda kilisogea shibiri moja, shibiri moja, shibiri moja. Jumanne jioni ya wiki ya mwisho ilikuwa imebaki shibiri moja tu, na Janelle alikuwa amekonda usoni, midomo imepasuka, akinywa maji galani kwa siku na bado akiomba.

Jumatano asubuhi Verna alimfuata Bi Chelo aliyekuwa akichanganya majani nyuma ya trela.

"Ulisema hahesabu majina."

"Wewe ndiye uliyesema. Huyo mzee wako ndiye aliyekwambia."

"Vichwa tu."

"Vichwa tu, dada." Kisha akaelewa, akaacha kuchanganya. "Verna. Usiniulize hilo."

"Mtu mwingine akilala pale. Kwa hiari yake. Akafungua mlango mwenyewe, kabla hajafunguliwa."

Bi Chelo aliyaweka majani chini. Ng'ambo, mtu alikuwa akicheka kwenye uwanja wa michezo.

"Nafasi ni moja," alisema mwishowe. "Mtu ni mmoja. Ndiyo. Ingetosha."

"Basi saa tisa umchukue kwako Somerton. Mwambie unatakasa trela, na mwenye mimba hatakiwi moshi."

"Ataniuliza wewe uko wapi."

"Mwambie nazungumza na Stan juu ya fomu. Ataamini, kila siku niko huko."

Saa tisa Janelle alisaidiwa kuingia kwenye gari. Verna alimfunga mkanda, akaukagua mara mbili, akampa chupa tatu za maji na mkate wa viazi uliofungwa kwa kitambaa.

"Kwani tunakwenda mwaka?" Janelle alisema.

"Unakula kwa wawili."

"Mama, harusini..." Janelle alianza, akakwama. "Nilikuwekea kiti. Mstari wa mbele. Nilikaa nakitazama kitupu."

"Ningekuja," Verna alisema. "Nilikuwa na kiburi, mwanangu. Nilivaa kabisa, nikakaa sebuleni na viatu miguuni." Akaufunga mlango wa gari. "Nenda sasa, moshi usije ukakukuta."

Alisimama hadi gari likakata kona. Kisha akaingia ndani, akaosha vyombo, akazima jiko, akavaa gauni la kulalia la Janelle, lile pana la maua, akalala kwenye kitanda cha chuma upande wa kushoto. Saa kumi na mbili kasorobo, kabla ya mkono wowote mwingine, alinyoosha mkono wake akabonyeza swichi, na ukuta wa nyuma ukaanza kushuka polepole ukiguna, na mwanga mwekundu ukaingia kwa chini, ukapanda miguuni, magotini, kifuani, hadi ukamfikia usoni, na nyuma ya mwanga ule, mahali ambapo kwa miaka mitatu palikuwa na kiwanja namba 119 na maua yake ya plastiki, palikuwa na mchanga, mchanga tu, tuta baada ya tuta bila mwisho, na kutoka kwenye tuta la karibu alikuwa akishuka mtu mwenye helmeti, anayechechemea, aliyeinua mkono mmoja juu kama wanavyofanya wote ili waonekane, ili wasisahauliwe, na alipofika kwenye daraja la mlango akasimama, akasubiri kwa adabu, kama kijana aliyefunzwa vizuri nyumbani.

"Mmoja," alisema.

"Mmoja tu," Verna alimjibu, akashusha miguu kitandani. "Pole, mwanangu. Wamekuchelewesha sana. Pita."

Bwana Pettibone alipita saa kumi na mbili na dakika kumi katika mzunguko wake wa jioni, akaona mlango uko chini, akaita mara mbili, akaandika.

Ofisi ya polisi wa wilaya ilifungua jalada: mtu mzima aliyeondoka kwa hiari yake. Kambi ilifungua lake: mkazi aliyeondoka bila kujaza fomu ya kuondoka. Siku ya tano waendesha pikipiki walimkuta Verna kwenye matuta, kilomita sitini na tano kutoka Palo Brea, ameketi, gauni la maua limemfika miguuni, na hapakuwa na alama za gari, wala za mnyama, wala za nyayo, kwenda wala kurudi. Daktari aliandika kiu. Aliongeza, kwa kalamu nyingine, kwamba visigino vya marehemu vilikuwa safi.

Janelle alijifungua mwezi wa Machi, msichana, kilo tatu kasoro kidogo, mwenye sauti iliyoamsha wodi. Alipoletewa karatasi zote azitie saini, za polisi, za daktari na za kambi, alizisoma moja moja, na hakuna iliyosema kilichotokea. Kilichotokea ni hiki: jioni ile Verna Orvold alilala mahali pa binti yake, akafungua mlango, akatoka yeye, na Cody Lemke akaingia.